Bao la Thelathini na Moja

Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 2018, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri. Mvua ilikuwa imekatika robo saa kabla, jua likatoka kwa hasira, na mvuke ukawa unapanda kutoka kwenye nyasi kana kwamba mtu ameinua kifuniko cha sufuria.

Tulikuwa bila kwa bila na Vanuatu. Sare ilitutosha kufika fainali ya visiwa. Mimi nilikuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya Visiwa vya Solomon.

Mchezaji mmoja wa wageni aliumia, mchezo ukasimama. Kipa wangu akaacha goli lake, akatembea uwanja mzima hadi kwenye benchi letu.

"Mjomba," akasema.

Uwanjani huniita Kocha. Siku hiyo alisahau.

"Mjomba, nani anapiga makofi nyuma ya goli langu?"

"Watu wote hawa mlimani, wewe unauliza nani anapiga makofi?" alidakia Kwaimani, msaidizi wangu. Uwanja wetu wa Honiara hauna majukwaa upande mmoja; una kilima, na kilima kilikuwa kimejaa watu hadi juu.

"Si hayo, bwana. Haya ni mawili tu. Pa, pa. Halafu kimya. Nikigeuka, hamna mtu. Kuna ukuta tu."

"Kunywa maji, dogo. Jua limekuingia kichwani."

Akanywa. Akarudi golini, anageukageuka nyuma.

Kwaimani alicheka. Mimi sikucheka. Makofi hayo nilikuwa nimeyasikia kwa miaka ishirini na mitatu, na siku zote niliamini nayasikia peke yangu.

Naitwa Patteson Menapi. Nimeichezea timu ya taifa mechi sitini na nne, winga wa kushoto, na nimefunga mabao thelathini na moja.

Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Siitaji kwa kujisifu, ingawa zamani nilijisifu nayo. Naitaja kwa sababu bao la mwisho kati ya hayo ndilo linalonifanya niandike.

Nilisoma shule ya bweni ya kanisa, safari ya siku tatu kwa meli kutoka kwetu Santa Cruz. Kengele saa kumi na moja alfajiri. Maji baridi. Kitanda kisichotandikwa sawasawa, fimbo tatu.

Mwalimu mkuu wetu alitufundisha kwamba mwanaume husema ukweli mzima, au hafungui kinywa kabisa. Niliyashika maneno hayo kama sala. Hata nilipokuwa kocha, mchezaji aliyechelewa mazoezini dakika moja alikimbia mizunguko kumi, na nahodha alikimbia kumi na mitano.

Bwenini humo ndimo nilimompata rafiki yangu.

Kitanda chake na changu vilitenganishwa na sanduku moja la mbao. Mimi winga, yeye kipa. Alikuwa na mkono ambao sijauona tena kwa mtu mwingine: mpira alioutupa kwa mkono ulikwenda mbali kuliko ule wengine walioupiga kwa mguu. Na daima aliutupa upande mmoja. Kushoto. Kwangu.

Jina lake nililiita mara elfu. Nililiita bwenini, nililiita njiani kwenda kanisani, nililiita kwa kunong'ona jikoni tukiiba viazi vitamu.

Kisha nikamwoa Muriel, dada yake. Jina likafa kinywani mwangu siku hiyohiyo.

Kwetu shemeji huitwa *tambu*. Neno hilohilo ndilo mwiko. Hatuna maneno mawili kwa mambo hayo mawili, na aliyeoa kwetu hahitaji kuelezwa sababu.

Jina la tambu wako halitamkwi. Kitu chenye sauti inayofanana na jina lake nacho hukitaji. Unakizunguka kwa maneno. Ukilitamka hadharani, ndugu zake watakuja kudai nguruwe na mkanda wa manyoya mekundu, ule tunaotolea mahari. Nawe utalipa, na kwa muda mrefu watu watakutazama kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Kwa hiyo sitaliandika hapa. Jezi yake ilikuwa namba moja. Nitamwita Moja.

Wachezaji wa visiwa vingine walitucheka hadi wakachoka. Kwaimani, ambaye wakati huo alikuwa beki wetu wa kati, ni mtu wa Malaita, na huko kwao ulimi hauna likizo.

"Yaani nyumba ikiungua naye yumo ndani, utamwambiaje?" aliniuliza siku moja kambini. "'Samahani, wewe uliyelala humo'?"

"Nitampigia makofi," nikajibu.

Wakaanguka kwa kicheko. Moja naye alicheka, amegeuzia uso ukutani, maana tambu wawili hawachekeani usoni.

Lakini ndivyo tulivyofanya. Kofi moja: toka, chukua mpira. Makofi mawili: uache. Tulicheza hivyo miaka minne na hatukuwahi kugongana.

Sasa nitawasimulia Jumamosi ya tarehe 8 Julai 1995, kama nilivyoisimulia kwa kila aliyeniuliza.

Tulicheza na Fiji, uwanja huohuo wa kilima. Nilikuwa na mabao thelathini, sawa na mkongwe aliyeniachia jezi. Nchi nzima ilijua. Wauza samaki sokoni walikuwa wananionyesha kidole kimoja nikipita: bado moja, kaka, bado moja.

Hadi dakika za nyongeza tulikuwa bao moja kwa moja, na lile bao letu silo nililofunga mimi.

Fiji wakapiga mpira mrefu nyuma ya mabeki wetu. Nilikuwa nimerudi kusaidia ulinzi, hatua kama kumi kutoka kwa Moja. Mpira ulikuwa unateleza kwenda nje wenyewe. Mshambuliaji wao alikuwa anaufukuza kwa kasi, akitokea upande ambao Moja hakuutazama.

Nilimwona. Moja hakumwona.

Nikapiga makofi mawili. Kilima kilikuwa kinanguruma, hayakumfikia. Jina pekee ndilo lingemfikia, na jina lilikuwa mwiko.

Moja akaurukia mpira. Goti la yule bwana likampata juu ya sikio. Mtu hakukusudia, alijaribu hata kujipinda hewani.

Moja akainuka na mpira mkononi. Akautupa.

Niliupokea nikiwa nimeshavuka katikati ya uwanja. Nikamwacha beki wa kwanza, nikaingia ndani, nikapiga. Bao la thelathini na moja. Refa akapuliza kipenga palepale.

Wenzangu wote walinikimbilia isipokuwa mmoja. Alikuwa amekaa chini, ameegemea nguzo ya goli, amenyanyua kidole gumba.

Alikata roho Jumatatu saa tatu asubuhi, hospitalini. Muriel alikuwa amemshika miguu. Mwana wa Moja, aliyepewa jina la baba yake herufi kwa herufi, alikuwa na miaka miwili.

Msibani nilisimama nikaeleza habari za makofi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Huyu ndiye mtu," wakasema. "Kifo kilikuwa mbele ya macho yake, na mwiko hakuuvunja."

Wakwe zangu hawakudai kitu. Zingatieni hilo. Sisi ni watu wa kudai fidia hata kwa mbwa aliyegongwa na baiskeli. Kwa mtoto wao wa kiume hawakudai hata kuku. Watu wakaona ni heshima nyingine juu yangu, nami nikaibeba.

Makofi yalianza wiki ya tatu.

Ilikuwa mazoezini. Kipa mpya akanitupia mpira kushoto. Kabla haujanifikia nikasikia, nyuma ya bega langu: pa, pa. Nikageuka. Nyasi tupu.

Mguu ukakakamaa. Mpira ukanipita, ukatoka.

Nilicheza miaka minne zaidi, na sikufunga tena. Kila mpira uliokuja kushoto ulitanguliwa na makofi mawili, na kila mara mguu wangu ulitii. *Uache*. Magazeti yakaandika kwamba umri umenifika. Nilikuwa na miaka ishirini na saba yalipoanza kuandika hivyo.

Kasisi alinishauri nisali. Nilisali. Makofi yalisubiri niseme amina, ndipo yakapigwa.

Nikaacha kucheza, nikawa kocha, nikidhani benchini nitakuwa salama. Nilijidanganya. Uwanjani angalau mtu anakimbia. Benchini unakaa, unayasubiri.

Mwana wa Moja akakua. Akawa kipa, tena kipa bora nchini. Sikumpendelea, na asiyeamini akaangalie takwimu. Lakini jina lake ni jina la baba yake. Ndivyo ilivyotokea kwamba kocha wa taifa hakuweza kumtaja kipa wake. Kikosi kilisomwa na Kwaimani. Redioni nilisema "kijana wetu wa golini," na mtangazaji, ambaye alijua fika, aliniuliza kila wiki: "Yupi huyo, Kocha?" ili studio nzima icheke.

Mkono wake nao ulikuwa wa baba yake. Aliutupa mpira mbali, na aliutupa kushoto.

Turudi tarehe 13 Oktoba.

Dakika ya themanini na nane. Bado bila kwa bila. Wageni wakapiga mpira mrefu nyuma ya mabeki wetu.

Kipa wangu akatoka. Mshambuliaji wao akaja kwa kasi akitokea pembeni.

Yakapigwa makofi. Safari hii hayakutoka nyuma ya bega langu. Yalitoka golini, na kijana aliyasikia pia, maana nilimwona akisita nusu hatua. Kisha akapuuza, akaendelea kukimbia. Aliambiwa ni jua.

Nikasimama, nikaliita jina.

Sikuita namba. Sikusema kijana wa golini. Niliita jina lote, kwa sauti ya bwenini, mbele ya kilima kizima na mbele ya vipaza sauti vya redio.

Kijana akasimama kama aliyeshikwa shati. Mpira ukampita. Mshambuliaji akaukimbilia, akausukuma taratibu kwenye goli tupu.

Kilima kikanyamaza. Wageni wachache walishangilia upande wa mbali. Watu wetu wa Santa Cruz, ambao hukaa pamoja juu kabisa, nao walikuwa wameinamisha nyuso. Wao hawakuwa wanalilia bao.

"Kocha," Kwaimani akaniita polepole.

"Nimesikia."

"Umelitaja."

"Nimelitaja."

"Redioni, Kocha. Mama mkwe wako ana redio."

"Anayo."

"Na tumefungwa."

"Hilo pia nimeliona, Kwaimani. Kaa chini."

Tukatoka kwenye mashindano. Tulipokuwa tunaelekea vyumbani kijana alinisimamisha, glovu bado mkononi.

"Ule ulikuwa wangu, Mjomba. Nilimwona jamaa. Ningeudaka, hata asingenigusa."

"Najua."

"Sasa mbona umeniita?"

Mtu mmoja juu ya uzio akajibu kwa niaba yangu, anatafuna popoo, midomo imeiva nyekundu.

"Kocha! Ile siku ya Fiji ulinyamaza tukashinda! Leo umefungua mdomo tumefungwa! Nyamaza tu, baba, kimya kinakupenda!"

Watu wakacheka. Nimetukanwa katika viwanja vya nchi tisa. Hakuna tusi lililowahi kunipata mahali lile liliponipata.

Jumatatu niliandika barua ya kujiuzulu, mistari miwili. Jumanne ujumbe wa wakwe ukafika, kama nilivyoutarajia: nguruwe mmoja na mkanda mmoja wa manyoya, kwa kutaja jina. Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mama mkwe, ambaye siku hizi anaishi vilimani juu ya Honiara.

Jumapili ilipofika nikapakia kwenye gari nguruwe wawili na mikanda miwili.

Muriel alitazama. "Baba Ellison, wamedai mmoja."

"Najua."

"Huyo wa pili wa nini?"

"Wa kaka yako."

Alifungua mlango wa gari, akaketi, akafunga mkanda wa kiti. Njia nzima alitazama nje ya dirisha, na njia ya kupanda kule ni ndefu.

Nilikuwa na haja moja tu nilipokuwa naendesha: wapokee. Sikuwa naomba kazi yangu irudi. Sikuwa naomba hata makofi yakome. Nilitaka watu wale wapokee nilichopaswa kuwapa tangu mwaka 1995, kisha waseme imekwisha.

Mama mkwe ni tambu mkubwa kuliko wote. Sijawahi kumtazama usoni, wala yeye hajawahi kusema nami. Tunapokutana, mkeka hutundikwa katikati ya chumba. Yeye nyuma yake, mimi mbele yake, na Muriel pembeni akipitisha maneno yetu, ingawa kila mmoja anamsikia mwenzake waziwazi. Kijana alikuwa amekaa mlangoni, ameweka kandambili zake nje.

"Mwambie mumeo nimesikia redio," mama akaanza.

"Mama anasema amesikia redio."

"Mwambie mama naomba radhi. Jina la mwanawe nimelitaja hadharani, na fidia nimeileta."

"Anaomba radhi, Mama. Ameileta."

"Nguruwe ni mkubwa?"

Muriel alichungulia nje. "Mnene, Mama. Anakoroma tu huko."

"Mwambie tumepokea. Na mwambie siku nyingine akitaka kufungwa na Vanuatu, afungwe bila kututaja."

Kijana alicheka, mimi mwenyewe nikakaribia kucheka. Popoo ikatoka nyuma ya mkeka, ikapita mkononi mwa Muriel, nikaitafuna. Ndivyo jambo linavyomalizwa kwetu. Habari ya jina ilikuwa imekwisha.

"Mwambie mama nina jambo jingine," nikasema.

Nikasema yote. Nitayaandika hapa kama nilivyoyasema pale, maana niliapa kwamba sitaongeza wala kupunguza.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai 1995, katika chumba cha kubadilishia nguo, Moja alikuja akakaa karibu nami, bega kwa bega, jambo ambalo tambu hafanyi. Wengine walikuwa nje wakipiga picha. Akafungua jani, akatoa kipande cha shelisheli kavu, akanitia mkononi kwa mkono wake mwenyewe.

Mwenye jina ndiye pekee anayeweza kulifungua, na hulifungua hivyo.

"Leo kelele zitakuwa nyingi, tambu," aliniambia. "Makofi hayatafika. Niite kama shuleni."

Nikaila ile shelisheli. Tangu saa nne asubuhi jina lake lilikuwa halali kinywani mwangu.

Dakika ya mwisho nilimwona mshambuliaji. Nilikuwa na muda wa kuita mara mbili. Lakini mpira ulikuwa unatoka wenyewe. Moja angeuacha, refa angepuliza, na mimi ningebaki na mabao thelathini.

Akiudaka, angeutupa. Na angeutupa kushoto.

Sikuita. Sikupiga kofi hata moja.

Niligeuka nikaanza kukimbia. Nilianza kukimbia kabla goti halijamfika.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Nilipomaliza, kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua kinywa.

"Kwa hiyo makofi mawili..."

"Niliyatunga. Msibani. Wewe ulikuwa umelala kwenye mapaja ya bibi yako."

Alinitazama. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alivaa kandambili zake, akashuka njia ya mawe kuelekea barabarani.

"Mwambie najua," sauti ya mama mkwe ikasema.

Muriel alikuwa bado anamtazama kijana njiani.

"Muriel. Mwambie."

"Mama anasema... anajua."

"Shelisheli ile niliikausha mimi. Nilikuwa nimekuja na meli kutazama mechi. Alikuja kuichukua alfajiri, akaniambia anakwenda kumfungulia tambu wake jina. Alikuwa anafurahi kama mtoto. Akasema, 'Mama, ataniita tena.'"

"Mama!" Muriel akageukia mkeka. "Miaka yote hii? Unaniangalia tu nampikia?"

"Mwambie mumeo kwanza. Yako nitakujibu."

Muriel akarudia maneno yote, moja moja, macho yake sakafuni.

"Mwambie nilisubiri aje mwenyewe. Nilisubiri msiba uishe. Nikasubiri mwaka. Nikasubiri mtoto aanze shule, nikasema labda akimwona na sare ataona haya."

"Mama anasema alisubiri."

"Mwambie ndiyo maana sikudai. Ningedai, angelipa siku hiyohiyo, namjua ni mtu wa kushika saa. Tungetafuna popoo, tungecheka, ingekwisha. Sikutaka iishe."

"Mama anasema hakutaka iishe."

Nikavuta pumzi. "Mwambie mama nimeileta sasa. Nimechelewa, lakini nimeileta mwenyewe, bila kudaiwa. Namwomba aipokee."

Funzo nitalitoa hapa, kabla ya mwisho, kwa kuwa mwisho haukuwa wa kwangu kuutoa.

Mila yetu naiheshimu na nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini mimi nilijificha ndani yake kama mtoro nyuma ya kanisa, na kwa miaka ishirini na mitatu watu walidhani nasali.

Ndugu msomaji, kama una jambo unalojua unapaswa kulipa, lipeleke kabla nyumba haijanyamaza. Usidhani aliyekaa kimya amekusamehe. Usidhani hajui. Na usijifariji kwamba ukweli wako utapokelewa kwa sababu tu umeusema wote. Kuna siku ambayo ukweli ulihitajika, na siku hiyo ikipita unabaki kuwa mzigo wako tu.

Basi nikamalizie.

Nilisubiri. Nyuma ya mkeka hapakutoka sauti, hata ya kujisogeza. Muriel naye alisubiri, amegeuza sikio upande wa mama yake, kama alivyofanya kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Nguruwe wa pili alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ngazi. Mkanda wa pili wa manyoya ulikuwa sakafuni, katikati yetu. Muriel aliutazama muda mrefu. Kisha akausukuma kwa vidole viwili, ukateleza hadi kwenye magoti yangu.

"Hatupokei," akasema. "Rudi navyo."

Nilingoja aseme, "Mama anasema."

Hakusema.